Hewa ya Moto Katika Nyumba za Baridi

Mwanafunzi aliyezaliwa Mombasa au Kisumu huenda akashangaa kusikia kwamba kuna watu ambao adui yao mkubwa nyumbani ni baridi. Waingereza wa karne ya 19 waliota moto wa makaa ya mawe uliowashwa chumba kwa chumba. Uso wa mtu uliungua, mgongo wake ukaganda, na joto lililo jingi likatoka nje pamoja na moshi.

Jumba la Bunge lao lilipoteketea mwaka 1834, Daktari David Boswell Reid, mwalimu wa kemia kutoka Edinburgh, alipewa kazi ya kuleta hewa njema katika ukumbi wa muda. Mwaka 1836 aliipitisha hewa chini ya sakafu, akaipasha moto au kuipoza kama ilivyohitajika, kisha akaiacha ipande kwa vitundu vingi mno vilivyotobolewa sakafuni. Hewa iliyochafuka ilivutwa juu na dohani kubwa yenye moto chini yake. Hata hivyo wabunge walinung'unika: huyu asema anaiva, jirani yake asema anatetemeka. Wala si ajabu, kwa maana kuileta hewa ni kazi moja, na kuigawanya ni kazi nyingine.

Namna ya kuigawanya yaonekana wazi zaidi katika St George's Hall, jumba lililofunguliwa Liverpool mwaka 1854. Mapangaboi yaliyoendeshwa kwa injini ya mvuke yalisukuma hewa katika njia pana zilizo chini ya jumba. Ndani ya njia hizo mlitundikwa vipande vya turubai, nao watumishi walivivuta kwa kamba, wakafungua upande huu na kufunga ule. Hivyo ndivyo vilango vya hewa. Vya leo ni vya bati, na aghalabu huzungushwa na mota ndogo. Historia humsimulia Reid, lakini joto la ukumbi lilikuwa mikononi mwa watu wale wa kamba.

Reid mwenyewe aligombana na Charles Barry, msanifu wa Bunge jipya, kwani njia zake zilidai nafasi kubwa, akaachishwa kazi mwaka 1852. Mwaka ule ule, huko Glasgow, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitoa wazo la ajabu. Badala ya kuchoma makaa ili kupasha hewa, nguvu ya injini itumike kuchota joto lililomo katika hewa ya nje, ijapokuwa ni ya baridi, na kulitia nyumbani. Wadhani ni mzaha? Gusa nyuma ya friji: utakuta joto lililoondolewa katika maziwa na nyama. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa, ipozayo ua na kupasha sebule.

Makaa yalipokuwa rahisi, wachache waliona haja yake. Haja ilikuja Uswisi, nchi iliyopungukiwa na makaa lakini yenye umeme wa maporomoko. Mwaka 1938 jumba la baraza la mji wa Zurich lilianza kupata joto kwa pampu iliyolichota katika mto Limmat, upitao hapo kando. Vita vilipoanza mwaka 1939 na makaa yakaadimika, mashine za namna hiyo ziliongezeka.

Leo zimo katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na fundi wake hukutana na mashaka yale yale ya Reid. Pampu haitoi hewa kali kama ya tanuri. Yake ni ya uvuguvugu, hivyo lazima iwe nyingi na mifereji yake iwe mipana. Ipitayo darini huvikwa vazi la kuzuia baridi, na kila kiungo huzibwa, la sivyo wanaofaidi joto ni panya. Mwenye nyumba bahili naye hufunga vilango vya vyumba visivyotumika, akitaka kuokoa umeme. Akifunga vingi mno, hewa hukosa pa kwenda, mgandamizo hupanda ndani ya mifereji, joto hurundikana mashinoni hata ikaweza kujizima, na chumba alicholala huanza kupoa.