Taharuki, si Shambulio

Kijitabu kimoja cha afya ya akili kilichonifikia hivi karibuni kinamfundisha msomaji namna ya kukabiliana na "mashambulizi ya hofu". Ukurasa wa pili kinamtuliza kwamba hali hiyo si "shambulio la moyo". Mtafsiri kwanza amempa mgonjwa neno, kisha anamsihi asilielewe linavyosikika. Hilo ni kosa la kitaalamu, na limeenea mno kuliko linavyostahili.

Wanaokumbwa na hali hii wanaijua bila kufasiriwa: moyo kwenda mbio, kifua kubana, jasho, mikono kutetemeka, na yakini kwamba kifo kimefika. Wengi hukimbilia hospitali wakiamini ni moyo. Sasa, kwa Kiswahili cha leo, ugonjwa wa ghafla wa moyo una majina mawili mashuhuri, "shambulio la moyo" na "mshtuko wa moyo". Mabingwa wetu wa tafsiri wameyachukua maneno yayo hayo, wakabandika "hofu" pale palipokuwa na "moyo", tukapata "shambulio la hofu" na "mshtuko wa hofu". Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mwaka 1986 kuwa kinacholisha hali hii ni mtu kuzifasiri dalili za mwili wake kama dalili za maangamizi: moyo ukipiga kwa nguvu, yeye anaona mauti. Kumpa mtu huyo istilahi inayonuka ugonjwa wa moyo ni kumsaidia kukosea.

"Hofu" nayo haitoshi. Neno hili la asili ya Kiarabu tumelizoea likiwa na kitu cha kuogopwa: hofu ya njaa, hofu ya simba, hofu ya Mungu. Mwambie mwenzako una hofu, atakuuliza ya nini. Mgonjwa hana jibu. Amekaa ndani ya daladala au amesimama kwenye foleni ya benki, na mbele yake hakuna kinachotisha.

Neno tulilo nalo, na tunalolipita kila siku, ni taharuki. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa h, r na k, wenye maana ya mwendo. Mzizi huo huo umetupa haraka na harakati. Taharuki, basi, ni ndugu wa haraka: kiini chake ni kutikiswa, wala hakidai kitu cha kuogopwa. Na mwilini ndivyo mambo yalivyo. Homoni ya adrenalini humwagika, moyo hupeleka damu kwenye misuli, pumzi huenda kasi. Mwili mzima umeandaliwa kukimbia ilhali hakuna pa kukimbilia. Kupumua kwa kasi hivyo hupunguza hewa ya ukaa katika damu, ndiyo maana vidole hufa ganzi na kichwa kuzunguka. Wagiriki, ambao lugha za Ulaya zimerithi neno lao la hali hii (kwa Kiingereza, "panic"), walimsingizia Pan, mungu wa wachungaji, aliyedhaniwa kuwatisha watu nyikani pasipo sababu. Kiswahili hakina haja ya Pan. Kinao mzizi unaosema ukweli.

Hivyo napendekeza "wimbi la taharuki". Niliwahi kuliwasilisha mbele ya jopo la istilahi, nikajibiwa kwamba taharuki ni mali ya wahakiki wa fasihi na wimbi ni la waandishi wa habari za ujambazi. Mjumbe mmoja alitaka "kiwewe", bila kujali kwamba wahudumu wengi wameshalitumia kwa jeraha la nafsi linaloachwa na vita au ukatili. Hoja hizo sikuzikubali na sizikubali leo. Mzizi wa mti haujawahi kugombana na mzizi wa neno. Muktadha unatosha kuitenga taharuki ya riwaya na ya mgonjwa.

Wimbi hupanda, hufika kileleni, hushuka. Hali hii nayo hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10, kisha hupungua yenyewe. Daktari wa Australia, Claire Weekes, katika kitabu chake cha mwaka 1962, aliwaelekeza wagonjwa mambo manne: kuikabili hali, kuikubali, kuelea, na kuuachia muda upite. Kuelea! Nani aliwahi kuelea juu ya shambulio? Mbele ya shambulio mtu hupigana au hukimbia, na yote mawili huchochea adrenalini ile ile. Anayepigana na wimbi hunywa maji. Mtoto wa pwani analijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Kwa matumizi: "amekumbwa na wimbi la taharuki"; likijirudia na kumtia mtu woga wa kurudiwa, ni "ugonjwa wa taharuki", ambao madaktari wa akili wa Marekani waliutambua rasmi katika mwongozo wao wa mwaka 1980. Aliyekumbwa abaki alipo ikiwa ni salama, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, asishindane na moyo wake. Maumivu ya kifua ya mara ya kwanza yapimwe hospitali.

Nawaomba wanaochapa vijitabu vya kliniki wasilisubiri jopo. "Shambulio" liondolewe katika toleo lijalo, libaki kwenye habari za vita.