Ulanzi

Ulanzi ni kinywaji chenye kileo kinachotokana na utomvu wa mianzi michanga. Hunywewa hasa katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, pamoja na sehemu za Ruvuma na Morogoro. Hukingwa kutoka kwenye mmea wakati wa mvua na huchachuka wenyewe, bila kupikwa na bila kutiwa hamira. Kwa hiyo umri wake hauhesabiwi kwa miaka wala miezi, bali kwa saa tangu ulipodondoka, na anayeunywa huutambua umri huo kwa jicho, pua na ulimi.

Mara nyingi huitwa "pombe ya mianzi". Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa pombe nyingine za kienyeji za mikoa hiyo, kama komoni, hupikwa kwa nafaka, ilhali ulanzi haupiti motoni kabisa. Ndugu yake wa karibu zaidi ni tembo la mnazi la pwani.

Mmea

Mwanzi unaogemwa unajulikana kitaalamu kama Oxytenanthera abyssinica. Vitabu vingine huuita Oxytenanthera braunii. Ni mwanzi wa vichaka, wenye shina nene ambalo karibu na ardhi halina uwazi mkubwa ndani. Wahehe na Wabena huupanda kwa vipandikizi vya shina la chini, kandokando ya mashamba, mabondeni na karibu na nyumba, na kichaka huhesabiwa kuwa mali ya kaya kama ilivyo miti ya matunda.

Usichanganywe na mwanzi wa milimani unaoota katika misitu ya baridi kama ile ya Mlima Rungwe mkoani Mbeya. Huo ni mkubwa, una uwazi ndani, hutumika kwa ujenzi na kusuka vikapu, na haugemwi. Mgeni anayeona misitu ya mianzi Rungwe akadhani ndiko ulanzi unakotoka amekosea mmea.

Kugema

Machipukizi hutokeza mvua zinapoanza, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba, na ugemaji huendelea hadi mvua zinapokatika mwezi Aprili au Mei. Chipukizi likifikia kimo cha kama mita moja, mgema hukata ncha yake kwa kisu kikali na kufunga chombo cha kukingia. Chombo cha asili ni mbeta, yaani kipande cha mwanzi uliokomaa chenye kifundo upande mmoja kinachokuwa kitako. Siku hizi chupa za plastiki zilizokatwa hutumika pia.

Asubuhi na jioni mgema hupita, humimina kilichokusanyika, kisha hukata tena kipande chembamba sana juu ya jeraha. Asipokata, jeraha huziba na utomvu hukoma. Akikata kipande kinene, chipukizi huisha upesi. Kazi yote ya ustadi iko katika unene wa kipande hicho, na si jambo linalofundishika kwa maneno.

Utomvu unaotoka ni mweupe mwepesi na mtamu. Huvutia nyuki, inzi na sisimizi, hivyo wagema waangalifu hufunika mdomo wa mbeta na huuchuja ulanzi kabla ya kuumimina kwenye ndoo au dumu.

Kuchachuka na umri

Uchachukaji huanza mara tu utomvu unapoingia kwenye mbeta. Hamira na bakteria hutoka hewani, kwenye ngozi ya mwanzi, kwa wadudu, na zaidi ya yote kwenye mabaki ya ulanzi uliotangulia yaliyoganda ndani ya mbeta yenyewe. Hii ndiyo sababu mbeta mpya na mbeta ya zamani zikifungwa kwenye machipukizi mawili ya kichaka kimoja hutoa vinywaji viwili tofauti: ile ya zamani tayari ina mbegu ya uchachu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika chapisho lake la mwaka 1998 kuhusu vyakula vilivyochachushwa, lilieleza kuwa uchachukaji wa ulanzi huchukua kati ya saa 5 na 12 kulingana na ukali unaotakiwa. Wanywaji wenyewe hugawa umri huo kwa majina. Ulanzi mbichi, mtamu, ambao kileo chake bado ni kidogo, huitwa mtogwa. Uliokaa na kukolea huitwa mkangafu.

Kati ya hatua hizo mbili mna dalili zinazosomeka. Kwanza utamu hupungua, kwa kuwa hamira hula sukari na kutoa kileo na gesi ya kaboni. Gesi hiyo huleta povu na mchomo mdogo ulimini, na sikio likiwekwa karibu na dumu lililojaa husikia mlio kama wa mvua nyepesi. Wakati huohuo bakteria za asidi ya maziwa, jamaa za zile zinazogandisha mtindi, huleta uchachu laini. Povu likitulia, rangi ikawa nzito na harufu ikaanza kuchoma pua, bakteria za siki zimekwishaanza kazi, maana hizo hugeuza kileo kuwa siki panapokuwa na hewa. Katika kilele chake kileo cha ulanzi huwa karibu na kile cha bia ya kawaida, takriban asilimia 5.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mtogwa hauna kileo kabisa, na hivyo kuwapa watoto bila kipimo. Ulanzi uliokingwa usiku kucha umeshapata saa za kutosha kuchachuka kabla mgema hajaamka. Mtogwa wa asubuhi ni mtamu kwa sababu sukari bado ni nyingi, si kwa sababu kileo hakijaanza.

Kulinganisha ulanzi

Watu wa Kilolo na Mufindi hubishana ulanzi wa wapi ni bora, lakini ubishi huo mara nyingi hulinganisha vitu visivyolingana. Joto ndilo linalovuruga hesabu. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na sehemu kubwa ya Mufindi iko juu zaidi; huko baridi huchelewesha hamira. Dumu likitoka Ilula asubuhi likashuka mteremko wa Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, linaingia kwenye joto kali na linazeeka njiani kwa kasi ambayo saa ya ukutani haionyeshi. Vivyo hivyo ulanzi unaosafirishwa kutoka Makambako hadi Mbeya mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, hauwezi kuonjwa kama mtogwa hata kama muuzaji anasema kwa dhati kwamba umegemwa leo.

Ulinganisho wa haki unahitaji mambo manne yawe sawa au angalau yaandikwe: saa ya kumimina kutoka kwenye mbeta, aina na umri wa mbeta, joto la mahali ulipokaa, na kama umechanganywa na ulanzi wa jana. Hilo la mwisho ni la kawaida sana. Wauzaji hutia ulanzi mkangafu kidogo kwenye mtogwa ili uchachuke haraka, na si udanganyifu. Udanganyifu ni kuongeza maji na sukari, jambo ambalo ulimi peke yake unaweza kushindwa kuligundua, kwa kuwa sukari ya dukani nayo huchachuka na kutoa povu.

Ulanzi na bia chachu za Ubelgiji

Ulanzi hulinganishwa na lambiki, bia chachu ya bonde la mto Senne na eneo la Pajottenland karibu na Brussels, kwa sababu nayo haitiwi hamira ya kununua. Hupikwa kwa kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, hupoozwa usiku mmoja kwenye sinia kubwa la wazi ili vijidudu vya hewani viingie, kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Lambiki za umri tofauti zikichanganywa na kutiwa kwenye chupa nene, huchachuka tena humo na kuitwa geuze. Majina hayo yameandikishwa na Umoja wa Ulaya tangu 1997.

Ufanano unaishia kwenye chanzo cha hamira. Sukari ya utomvu wa mwanzi ni nyepesi na huliwa ndani ya saa chache. Supu ya nafaka ina sukari nzito ambazo hamira ya kawaida haiziwezi, na huachwa kwa jamii nyingine ya hamira, Brettanomyces, inayozitafuna polepole kwa miaka. Lambiki pia hutiwa hopi zilizozeeka, zinazozuia baadhi ya bakteria, na kizibo hukatiza hewa ambayo bakteria za siki huihitaji.

Matokeo yake ni kwamba geuze hukusanywa. Kuna watu wanaoweka chupa kwenye vyumba vya chini vya baridi, wakilinganisha za mwaka huu na za miaka 10 iliyopita. Tarehe husomwa kwenye lebo au kwenye kizibo, lakini kwa uangalifu: baadhi ya watengenezaji huandika mwisho wa matumizi, si siku ya kujaza, na mwisho huo huwekwa miaka 20 mbele, hivyo chupa iliyoandikwa 2040 ilijazwa 2020. Anayeujua ulanzi wa 1990 hana chupa ya kuonyesha. Ana kumbukumbu tu, na labda mbeta.

Ulanzi kwenye chupa

Kujaza ulanzi mbichi kwenye chupa na kuifunga kwa nguvu ni hatari. Gesi inaendelea kutoka, na chupa ya kioo inaweza kupasuka na kujeruhi. Ndiyo maana wasafirishaji huacha kifuniko cha dumu kikiwa kimelegea. Kuuchemsha huua hamira na kuufanya ukae, lakini hubadilisha ladha na kupunguza kileo, na wanywaji wa zamani hukataa kuuita ulanzi. Ubaridi wa jokofu huchelewesha tu.

Biashara na mmea

Ulanzi hutoka katika miezi ambayo mahindi bado yako shambani na akiba ya mwaka uliopita inakaribia kwisha. Fedha yake, ingawa kila dumu huleta kidogo, huja pale kaya inapohitaji chumvi, sabuni na madaftari, na uuzaji wa vilabuni mara nyingi uko mikononi mwa wanawake. Uuzaji wa pombe za kienyeji unahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968.

Fedha hiyo ina gharama iliyojificha. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mwanzi kamili. Likiisha kutoa utomvu hukauka. Kichaka ambacho machipukizi yake yote yamegemwa msimu baada ya msimu hakipati mashina mapya ya kukilisha, na hudhoofika hadi kuchipua machipukizi membamba yasiyo na utomvu wa maana. Wagema wazoefu huacha sehemu ya machipukizi ya kila mwaka bila kuyagusa. Hayo ndiyo yanayokuja kuwa nguzo za uzio, dari za nyumba, na mbeta za msimu ujao.