NYUMBA NI YETU, RAMANI NI YA NANI?

Akina mama wenzangu, tulipoanza kikundi hiki miaka kumi iliyopita wengi wetu tulikuwa tunaweka akiba kwa ajili ya bati. Mwezi huu mbili, mwezi ujao tatu, unazilaza uvunguni mpaka zitoshe. Habari za ramani hakuna aliyeuliza. Ndipo mwenzetu mmoja alipomaliza kuezeka, mkopo hajaumaliza, akaambiwa nyumba yake imo katika eneo lililotengwa kwa malisho. Nimeombwa nieleze jambo hili lilikotoka, maana ni la zamani kuliko kikundi.

Mama zetu walijenga pale walipolima. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Watu wakapakiwa kwenye malori, nyumba zikapangwa mistari mistari. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Shule na zahanati zilifuata sehemu nyingi. Lakini mashamba yalibaki mbali, na kuni pia, na anayetembea kufuata kuni tunamjua. Halmashauri za wilaya nazo zilikuwa zimevunjwa tangu 1972. Basi mengi yaliamuliwa na maofisa, sisi tukaonyeshwa vigingi tu.

Halmashauri zikarudishwa kwa sheria ya 1982, zikaanza kazi 1984. Hapo kijiji kikapata nguvu ya kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, wilaya inaidhinisha. Kwenye kujadili ndipo penye kelele! Wako wanaotaka kila nyumba iwe ya tofali za kuchoma na bati, eti kijiji kipendeze. Mimi nasema choo ni lazima, na kujenga kwenye chanzo cha maji ni mwiko. Ila kumtoza faini mjane kwa sababu ya nyasi za paa, hapana.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 1 Mei 2001. Hii tuishike vizuri. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina watu 7, na wanawake wasipungue 3. Mwaka 2007 zikaongezwa sheria mbili za mipango, moja ya matumizi ya ardhi, nyingine ya miji. Kijiji kilicho jirani na mji kikitangazwa eneo la mipango miji, mambo yanageuka: upimaji, viwanja, kibali cha ujenzi.

Turudi kwa mwenzetu. Siku mpango ule ulipopitishwa tulikuwa shambani, msimu wa palizi, yaani tulijinyima wenyewe. Mkutano uliofuata tulikwenda wote, tukakaa mbele. Wafugaji walikuwa na hoja yao, ng'ombe lazima wapite. Tulibishana mpaka jua likazama, ikakubaliwa njia ya mifugo isogezwe upande wa korongo. Marekebisho yamepelekwa wilayani, hayajarudi. Mwenzetu yumo ndani ya nyumba yake, na mkopo amebakiza marejesho mawili.