Nambari pekee haiipi picha ya mnyama thamani

PICHA ya duma akitimua mbio, au ya ndovu akitifua vumbi, humvutia mnunuzi upesi, hasa ikiwa na nambari kama 25/150 iliyoandikwa kwa penseli pambizoni. Wengi hudhani uchache huo wa nakala ni hakikisho la faida. La hasha!

Nambari hiyo humaanisha kuwa nakala hiyo ni ya 25 kati ya 150 zilizochapwa. Msanii huahidi kutochapa nyingine, na aghalabu hulikwaruza bamba alilotumia ili lisifae tena. Herufi A.P. huashiria nakala chache ambazo msanii hujiwekea nje ya hesabu hiyo.

Swali muhimu zaidi ni hili: chapa ilitengenezwaje?

Katika chapa asilia, msanii huchonga ubao au linoli, au huchora kwenye bamba la shaba, kisha hulipaka wino na kuchapa. Karatasi itokayo hapo ndiyo kazi yenyewe.

Aina ya pili ni mchoro wa rangi uliopigwa picha na kuchapwa kwa mtambo. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, aghalabu utaona vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga. Hata ikitiwa sahihi, hiyo ni nakala tu, na kwa kawaida bei yake huwa chini mno.

Hata hivyo, nakala haidharauliwi. Mwingereza David Shepherd (1931-2017), aliyekuja Kenya ujanani akitaka kazi ya kulinda wanyamapori na kukataliwa, alisifika baadaye kwa kuchora ndovu. Mnamo 1973, nakala za mchoro wake, Tiger Fire, zilichangisha pauni 127,500 za kuwaokoa simbamarara nchini India. Lakini nakala za michoro yake zilitolewa kwa wingi, na wingi hushusha bei.

Mwendo wa mnyama nao hupima umahiri wa msanii. Mwaka wa 1878, Eadweard Muybridge alionyesha kwa kamera kwamba farasi anayekimbia huinua kwato zote nne miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si imenyooshwa mbele na nyuma kama walivyochora wasanii wa awali. Ndovu naye, hata akienda kasi, hainui miguu yote minne kwa pamoja. Msanii anayedai kuchora uhalisia na kukosea hayo hakumtazama mnyama wake vyema.

Hali ya karatasi pia hupandisha au hushusha bei. Jua huchujua rangi, nao unyevu, hasa Pwani, huleta kuvu na madoa ya hudhurungi. Usikate pambizo ili picha itoshee kwenye fremu, wala usiibandike kwa gundi. Hifadhi stakabadhi ya ununuzi.

Ukitaka kujua thamani, usitegemee bei anayotaja muuzaji. Tafuta kiasi kilicholipwa mnadani kwa chapa iyo hiyo, yenye hali sawa. Jijini Nairobi, jumba la Circle Art limeendesha minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Anayejua jinsi chapa ilivyoundwa hatalipia nambari tupu. Naye anayenunua picha aipendayo kwa dhati hatajuta hata bei isipopanda.