Rangi Itashika?

"Fundi, rangi itashika?"

Swali hilo nililisikia mara ya kwanza mwaka 1984, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nikiwa kijana wa kukoroga rangi. Aliyeuliza alikuwa mwenye duka la vyombo. Mwalimu wangu hakumjibu kwa maneno. Alichukua kipande cha bati alichokipaka juzi yake, akakikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akampa mteja naye akwaruze. Mwaka huu printa yangu ya UV ilipokufa nikaanza kutafuta nyingine, nimewauliza mawakala wa mashine swali lilelile. Wengi walinionyesha picha ya simba, kila unywele wa shingo yake ukihesabika. Mimi siuzi simba. Nauza kibao cha zahanati kitakachopigwa na jua la Mbagala miaka kumi.

Mwalimu wangu alianza kazi hii miaka ya sitini, na kazi ilimfurikia mwaka 1967. Azimio la Arusha lilikuwa limepita, mabenki yametaifishwa, na majina ya zamani juu ya milango yakawa hayana mwenyewe. Mwaka huohuo Serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Vibao vya Kiingereza vikashushwa, vya Kiswahili vikapandishwa. Alinisimulia kwamba maneno mengi ya ofisini aliyasoma kwa mara ya kwanza akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, kwenye karatasi aliyopewa na karani.

Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, ya makopo madogo, ile ya kupakia baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya namna hiyohiyo juu ya hadibodi na kuuza picha zake karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, mpaka kifo chake mwaka 1972. Picha za mtindo wake sasa zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa Ulaya na Japani. Sisi wa vibao vya vinyozi na mama lishe tulitumia kopo lilelile na ubao uleule, nami najivunia undugu huo.

Bati ndilo lililotusumbua. Bati jipya huja na utelezi wa kiwandani, na ukilipaka hivyohivyo, rangi huambuka kama ganda la kitunguu kabla masika hayajaisha. Tulilisugua kwa msasa, tukaliosha kwa siki, tukalisuuza, tukaliacha likauke kabisa, ndipo praima, ndipo rangi. Siku mbili zilikwisha kabla ya herufi ya kwanza. Mteja aliona herufi tu, lakini alichokuwa akilipia kilikuwa chini yake. Kazi yangu mimi ilikuwa rangi nyeupe. Chembe zake za titani ni nzito, zinazama chini ya kopo usiku kucha, na kila asubuhi nilizikoroga kwa kijiti mpaka mkono ufe ganzi.

Uhaba wa baada ya vita vya Kagera nilikuta bado haujaisha. Tuliunganisha mabaki ya makopo manne kupata rangi moja, na rangi hiyo ilikuwa kahawia daima. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 na milango ya biashara ikazidi kufunguka, rangi nyekundu ikarudi Kariakoo, na mwalimu wangu akacheka kama mtoto.

Mashine ya kwanza iliyotutisha ilitoka mbali. Mwaka 1983 kampuni ya Gerber ya Connecticut, Marekani, ilitoa mashine iliyochonga herufi za stika zenyewe, bila mkono wa mtu. Mimi niliiona ya jamii hiyo mwaka 1996, katika ofisi moja ya Mtaa wa Samora. Kisu kidogo kilikwenda na kurudi, na herufi "S" ikatoka imenyooka kuliko "S" yoyote niliyowahi kuipaka. Nilirudi kwa miguu hadi Kariakoo bila kusema neno.

Brashi haikufa siku hiyo. Kampuni za simu zilituongezea umri. Ukuta mmoja Chalinze niliupaka kwa Celtel, nikaupaka upya jina lilipogeuka Zain mwaka 2008, nikaupaka tena lilipokuwa Airtel mwaka 2010. Baada ya hapo mabango ya plastiki yanayochapwa yakatumaliza, nami nikanunua mashine.

Printa ya UV inafanya kazi hivi. Wino wake haukaushwi na hewa. Unarushwa matone madogo mno juu ya kitu kilicholala mezani, na taa ya miale ya urujuanimno, ndiyo UV yenyewe, inayopita nyuma yake inaugandisha papo hapo. Mashine za kwanza za meza kwa kazi yetu zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kampuni kama Inca Digital ya Cambridge na Durst ya Italia. Taa zake zilikuwa za zebaki. Yangu, niliyoinunua mwaka 2015 ikiwa imetumika Ulaya, ilikuwa ya kizazi hicho: inawashwa, unasubiri ipate moto, umeme inaula, na akriliki nyembamba inapinda kwa joto.

Kilichoiua ni jua. Alasiri moja umeme ulikatika katikati ya kazi, na vichwa vya wino vikabaki katikati ya meza, bila kifuniko. Karakana yangu inatazama magharibi na mlango ulikuwa wazi. Jua nalo lina miale ileile ya taa. Nilipomaliza kuhangaika na jenereta, wino ulikuwa umeganda ndani ya matundu. Wakala aliyeniuzia hakuwa tena na simu inayopatikana. Ewe mwenye mashine kama hii, weka pazia zito leo, na betri ya kuvirudisha vichwa nyumbani umeme ukikatika.

Sasa taa ni za LED. Mzizi wake ni taa ya bluu aliyoifanikisha Shuji Nakamura huko Japani mwaka 1993, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na Akasaki na Amano. Taa ya LED inawaka na kuzima mara moja, na haipindishi plastiki. Hapo sikuwa na la kujadili. Meza nayo ilijichagua: mabati na akriliki zetu ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, na meza pungufu ya hapo ni kununua msumeno.

Nilichosumbukia ni vichwa. Epson i3200 ni rahisi na ina matundu 3200. Ricoh Gen5 ina matundu 1280 na bei yake inauma, lakini mwili wake ni chuma cha pua, na kikiziba fundi anaweza kukisafisha kikarudi kazini. Nikachagua kinachosafishika. Nikadai pia tangi la wino mweupe linalojizungusha lenyewe, kwa sababu weupe wake ni uleule wa titani unaozama, na kijana wa kukoroga simwajiri tena.

Kisha nikabeba vipande vyangu: bati lililooshwa kwa siki, bati lisiloguswa, akriliki, hadibodi. Kwa mawakala wanne niliomba wachapie hapohapo. Kesho yake nilichora vimraba kwa wembe, nikabandika gundi ya karatasi, nikaivuta kwa nguvu. Kwa wawili wino wote ulikuja na gundi. Kwa wa tatu ulishika kwenye akriliki tu. Kwa wa nne ulishika kote isipokuwa kwenye bati lisiloguswa, na huyo ndiye aliyeniambia mapema kwamba pale pasipo praima wino wake hautashika.

Nimeagiza kwake. Vijana mnaofungua karakana za mabango, msilipe hata senti kwa picha ya simba. Nendeni na bati lenu na wembe.