Wafukuza Dhoruba na Wanaofukuzwa: Hadhira mbele ya Turubai, kutoka Vugiri hadi Bukima



1.0 Utangulizi

Mwaka 2011 ilitolewa nchini Marekani filamu ya hali halisi iitwayo Tornado Alley, iliyoongozwa na Sean Casey kwa ajili ya turubai kubwa la IMAX. Filamu hiyo, ambayo haifikii saa moja, inawafuata watu wa makundi mawili katika nyanda za kati za Marekani. Kundi la kwanza ni la mpiga picha huyo mwenyewe, aliyejiundia gari zito la chuma ili aingie na kamera yake ndani ya tonado, yaani ule upepo wa kuzunguka unaoshuka kutoka katika wingu la radi mfano wa mkonga wa tembo. Kundi la pili ni la wanasayansi wa mradi wa VORTEX2, waliofanya kazi uwandani mwaka 2009 na 2010 wakitaka kujua kwa nini mawingu fulani huzaa tonado na mengine hayazai.

Swali ninalopenda tulitafakari ni hili: filamu ya namna hiyo ikionyeshwa Bukima, mkoani Mara, mbele ya watu ambao riziki yao iko ziwani, watu hao wataitikiaje? Na yule atakayeketi nyuma na daftari, akiandika wapi walicheka na wapi walinyamaza, ataandika nini? Onyesho hilo nalitaja kama mfano wa kufikirika tu. Ushahidi wa kihistoria nitauchukua kwingine. Hoja yangu ni kwamba tangu miaka ya 1930 miitiko ya hadhira za Afrika imeandikwa zaidi na wenye mashine ya kuonyeshea, nao aghalabu wameyaita maarifa ya mtazamaji kuwa ni ujinga. Mwitiko hausomeki mpaka ijulikane lugha ya mtazamaji na kazi anayoifanya.

2.0 Treni ya Paris na Kuku wa Afrika

Tuanze mbali kidogo. Kuna masimulizi mashuhuri kwamba sinema ilipokuwa changa, watazamaji wa Paris walioiona filamu ya ndugu Lumière ya treni ikiingia stesheni waliruka kutoka vitini kwa hofu ya kugongwa. Mwanahistoria Mjerumani Martin Loiperdinger ameyachunguza masimulizi hayo na kuonyesha kwamba hayana ushahidi wa kutosha wa wakati ule. Yalidumu kwa kuwa yanaipa mashine sifa ya kutisha na kumpa msimulizi nafasi ya kujiona mwerevu kuliko waliomtangulia.

Afrika nayo ina masimulizi yake. Mwaka 1961 John Wilson, wa taasisi ya masomo ya Kiafrika katika Chuo Kikuu cha London, alieleza habari za filamu iliyotengenezwa na mkaguzi wa afya ili kuwafundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama. Baada ya onyesho, watazamaji wapatao thelathini waliulizwa waliona nini. Walijibu kuwa waliona kuku. Waliowauliza walishangaa, kwa sababu wao wenyewe hawakujua kama kulikuwa na kuku. Waliirudia filamu picha moja baada ya nyingine, na kweli, kuku alipita kwenye pembe ya picha kwa muda wa kama sekunde moja. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan aliyaingiza masimulizi hayo katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, na tangu hapo yamesafiri dunia nzima kama uthibitisho kwamba mtu asiyejua kusoma hajui pia kutazama picha.

Naomba tuyasome upya. Wilson mwenyewe alieleza kuwa filamu ilitengenezwa ya polepole kwa makusudi, kwa kudhani kwamba hadhira haiwezi kufuata mambo ya haraka. Katika filamu ambayo mtu anaokota kopo taratibu na kumwaga maji taratibu, kiumbe pekee aliyekwenda kwa mwendo wa kawaida alikuwa yule kuku. Isitoshe, mwanakijiji hahitaji kufundishwa kuona kopo. Kuku anayekimbizwa na kitu asichokijua ni habari. Wakaguzi walikuja kupima macho ya wanakijiji, ilhali wao ndio walioipitia filamu yao mara nyingi bila kumwona ndege aliyekuwamo. Katika mtihani ule nani alifaulu?

3.0 Vugiri, 1935 hadi 1937

Nchini kwetu kazi ya kuandika miitiko ilianza kwa utaratibu katika Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1935 hadi 1937. Wadhamini walikuwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Waendeshaji wakuu walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, walioandika taarifa yao katika kitabu The African and the Cinema mwaka 1937. Walitengeneza filamu zipatazo thelathini na tano, wachezaji wakiwa Waafrika, na maelezo yakitolewa kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa. Gari lao lilibeba turubai na mashine likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na watu walikusanyika uwanjani usiku kwa mamia na maelfu.

Mada zao zinajulikana: kodi, safura, malaria ya watoto, uuzaji wa kahawa. Mojawapo ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta, na ndani yake mtu anayefukia fedha zake ardhini anaibiwa. Waliotunga visa hivyo walikuwa na nia ambayo hawakuificha. Waliamini kwamba Mwafrika hawezi kupambanua ukweli na uongo katika sinema za biashara, hivyo alihitaji kuongozwa. Imani hiyo ilitangulia ushahidi. Kila kicheko kilichotokea mahali pasipotarajiwa kingeweza kuhesabiwa kuwa alama ya kutoelewa, wala haikuwa lazima kumwuliza aliyecheka kama huenda alikuwa akiikosoa filamu.

Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, kiliigeuza imani hiyo kuwa kanuni za utengenezaji: mwendo uwe wa polepole, hila za kamera ziepukwe, na tukio moja lifuate jingine bila kuruka. Kanuni hizo zilipoteza nguvu mbele ya watazamaji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili za visa, miongoni mwazo Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, kijana huyo wa kwenye turubai alikuwa Waziri Mkuu. Hadhira iliyodaiwa kutoweza kutofautisha picha na ukweli iliweza vizuri kabisa kumtambua mwigizaji na kiongozi katika mtu mmoja.

Jambo moja katika maonyesho yale lilikuwa na uzito kuliko wenyewe walivyolipima, nalo ni sauti ya mfasiri aliyesimama kando ya turubai na kipaza sauti. Kazi hiyo haikufa na ukoloni. Katika vibanda vya video vya miaka ya 1990 na 2000, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akieleza, akitania na kuongeza yake. Mtazamaji wa Tanzania amezoea kwamba picha huja pamoja na mtu wa kuijibu.

4.0 Jina la Filamu na Mtego wa Kitenzi

Sasa tumpe mfasiri wa namna hiyo filamu ya Sean Casey. Kabla picha ya kwanza haijatokea, atakuwa amekwama kwenye jina la kazi ya wahusika. Watu hawa huifuata dhoruba ili waifikie. Akisema ni "wafukuza dhoruba", msikilizaji atafahamu kwamba ni watu wanaoiondoa, kama mtu anavyofukuza nyani shambani. Akisema "wakimbiza dhoruba", utata unabaki palepale. Akisema "wawindaji wa dhoruba", atakuwa amekaribia, lakini mwindaji hurudi na nyama. Hawa watarudi na nini?

Utata huu si wa kamusi tu. Katika eneo tunalolizungumzia, mtu mwenye uwezo juu ya mvua anajulikana katika historia. Mapokeo ya Ikizu, wilayani Bunda, yanamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyekuja na uwezo wa kuleta mvua, na utawala wa Ikizu ukafungamana na uwezo huo. Kwa hiyo mtazamaji atakayesikia "mfukuza dhoruba" na kutarajia kuona dhoruba ikiondoka ameitafsiri filamu kwa historia ya kwao, na amekwenda sawasawa na Kiswahili fasaha. Atakapoona gari likiielekea dhoruba badala ya dhoruba kulikimbia gari, huenda akacheka. Mwandishi wa daftari asiyejua maana za kitenzi kufukuza atakiandika kicheko hicho kuwa ni kutoelewa.

5.0 Dhoruba Inayojulikana

Turubai la IMAX, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Osaka mwaka 1970, limekusudiwa kuwa kubwa kiasi kwamba kingo zake zitoke nje ya upeo wa macho, ili mtazamaji ajione yumo ndani. Kwa mtu wa mjini asiyewahi kupigwa na dhoruba, hiyo ndiyo raha yake: kuwamo bila kulowa. Kwa mvuvi wa Mara mambo ni tofauti, maana amekwisha kuwamo.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,000, ukubwa unaotosha kuwa na hali ya hewa yake lenyewe. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya radi hukua juu ya nchi. Usiku upepo hugeuka. Hutoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, na hapo radi na mvua huzuka, hasa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Utafiti wa Wim Thiery na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 umeonyesha pia kwamba dhoruba za alasiri nchi kavu zinaweza kutoa dalili ya hatari ya usiku ziwani. Sasa, wavuvi wa dagaa hufanya kazi saa hizo hizo. Huenda ziwani usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa karabai na siku hizi kwa taa za sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Kazi na hatari vimepangiwa zamu moja.

Aliyezaliwa Butiama, jirani na Bukima, alitupatia mfano wa jinsi ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyorekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo kuna usiku wa radi kabla ya mauaji. Dhoruba ni moja, lakini Casca anatetemeka, Cassius anaifungulia kifua chake, na Cicero anaonya kwamba watu huzifasiri ishara kwa namna zao wenyewe. Cassius ndiye babu wa hao wanaoendesha magari kuielekea tonado. Katika mtumbwi wa dagaa, mwenye tabia ya Cassius haachi watoto wakiwa na baba.

Basi mbele ya turubai la Bukima, ukimya unaweza kuwa wa mtu anayemkumbuka ndugu asiyerudi. Kicheko kinaweza kuwa hukumu juu ya mtu mzima anayetafuta kile ambacho wengine wanaomba wasikutane nacho. Na swali kuhusu jambo dogo pembeni mwa picha, mathalani upepo uligeuka kabla au baada ya mvua kuanza, linaweza kuwa swali lile lile ambalo wanasayansi wa VORTEX2 walilisafiria. Huyo ndiye kuku wa Bukima.

6.0 Hitimisho

Nimeieleza historia hii kwa sababu daftari la miitiko bado linaandikwa. Kati ya mwaka 2017 na 2020 mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulizishirikisha mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda katika kuboresha utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na wavuvi wenyewe walihusishwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hilo. Siku mvuvi atakapousikia utabiri na bado akaenda ziwani, tutakuwa na majibu mawili ya kuchagua. La kwanza ni la Vugiri: hakuelewa. La pili litatutaka tumwulize, kwa lugha yake, neno gani lilitumika, lilikuwa na maana gani kwake, na nyumbani kulikuwa na nini cha kula.

Taaluma za Kiswahili zina wajibu hapa. Msamiati wetu wa dhoruba, tufani, kimbunga na chamchela umeandikwa zaidi kwa kuitazama Pwani na pepo zake za kaskazi na kusi. Wanafunzi wa chuo hiki waende ziwani, wakae na wazungumzaji wa Kijita, Kikwaya na Kiruri, waandike majina ya pepo za usiku na dalili zake, na wayarudishe katika Kiswahili cha redio. Wakiambiwa kwamba kuna kuku, wamwandike.