Kano, Upote na Uta wa Wazee Wetu

Wazee wa jamaa zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo wameniomba niandike katika kitabu cha mwaka huu habari za uta, kwa ajili ya mabishano yaliyozuka katika mkutano wetu wa Idd. Kijana wetu mmoja wa Louisville alileta uta mfupi alioutengeneza kwa mikono yake, umebandikwa kano mgongoni toka ncha hata ncha, na kando yake karatasi iliyoandikwa: Uta wa Wagosha. Wajukuu waliugombania kwa furaha; wazee wakanung'unika. Mimi nasema kazi ya kijana ni nzuri sana, ila karatasi ile si kweli.

Uta ukivutwa, upande unaomwelekea mpigaji hubanwa, na upande wa nje, yaani mgongo, hunyooshwa. Mti ukinyooshwa kupita kiasi hupasuka. Kano hunyumbuka kuliko mti bila ya kukatika. Kwa hiyo fundi hukausha kano za mguu au za mgongo wa mnyama, huziponda, huzichambua nyuzi nyuzi, huzichovya katika gundi ya ngozi iliyochemshwa, kisha huzilaza juu ya mti, ncha zikipishana kama makuti yanavyoezekwa. Kukauka ni majuma, si siku. Zikikauka hujikaza na kuuvuta uta kwa nyuma, nao ukapata nguvu. Ndiyo maana uta wa namna hii waweza kuwa mfupi na usivunjike.

Ufundi huu kijana aliupata hapa hapa, nao ni wa watu wa asili wa nchi hii. Ajulikanaye zaidi ni Ishi, wa kabila la Yahi, aliyetokea peke yake karibu na Oroville, California, mwaka 1911, watu wake wote wamekwisha. Akawekwa katika nyumba ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha California hata alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Daktari Saxton Pope alijifunza kwake, akaandika kitabu mwaka 1923. Ishi alichonga uta wa mtarakwa, wa inchi 42 hivi, akatafuna kano za paa wa huko mpaka zikalainika, akazibandika kwa gundi ya ngozi ya samaki. Uta wake ulivutika kwa ratili 45 hivi. Hata mti alioutumia kijana wetu ni wa hapa: ule wa miba, wenye mbao za manjano, ambao Wafaransa waliuita bois d'arc, yaani mti wa uta. Wakulima wa Ohio na Kentucky waliupanda kuwa ua katika karne ya 19, kabla ya senyenge.

Waturuki na Wamongoli nao walitia kano mgongoni na pembe tumboni. Madrasa tulisomeshwa habari za Saad bin Abi Waqqas na mishale yake siku ya Uhud, lakini hapana mwalimu aliyetuambia uta umetengenezwaje!

Sasa tuje kwetu. Njaa ya miaka ya 1830 iliwatoa wazee wetu Uzigua, wakauzwa utumwani pwani ya Somalia, na waliotoroka wakajificha katika misitu ya mto Juba. Wazigua husimulia mpaka leo jinsi Wanakhucha alivyowaongoza. Katika msitu ule uta ulikuwa ndio boma lao. Lakini msitu wa mtoni una unyevu, na gundi ya ngozi ikipata unyevu hulegea. Tena uta mfupi humfaa mpanda farasi, au mtu asiye na mti mrefu mzuri. Wazee wetu walikwenda kwa miguu na miti walikuwa nayo.

Wala mtu asidhani uta wa mti mtupu ni dhaifu. Wawata wa Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa mata ya mti mtupu yaliyovutika kwa zaidi ya ratili 100, na mishale ya sumu, mpaka serikali ya kikoloni ilipowaandama katika miaka ya 1950. Linganisheni na ratili 45 za Ishi.

Kano zilikuwako kwetu, ila mahali pake palikuwa katika upote, ule uzi wa uta. Babu yangu alisokota wake kwa kano za ng'ombe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hufanya upote wa kano hata leo. Na katika jamaa zetu tulioletwa toka Kakuma kuanzia mwaka 2003, namjua mzee mmoja tu, yuko Buffalo, awezaye kusokota upote pajani ukatoka sawasawa. Mikono yake imeanza kutetemeka.

Basi karatasi ya kijana iandikwe: Uta wa Louisville, kwa ufundi wa watu wa asili wa Marekani. Na yeye mwenyewe ndiye afaaye kwenda Buffalo akae na mzee huyo, maana kano amekwisha kuzizoea. Kila Idd ya kuchinja sisi hununua ng'ombe mashambani na kano zikatupwa. Safari hii zisitupwe. Mzee amesema zamtosha za ng'ombe wawili, zile ndefu za pembeni mwa uti wa mgongo, na mchinjaji asizikate katikati.